Nililipiga Tupa Komeo la Reli, Lawama Akabeba Mzee wa Watu

Kosa ni langu. Naanza na hilo kabisa, usije ukasoma mistari kumi ukaanza kunionea huruma. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenishika mkono, na sikuwa mgeni wa kazi hata niseme sikujua. Nilijua. Nilijua vizuri kuliko wote waliokuwepo siku ile, isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye niliyemtwisha dhambi yangu.

Nakwambia wewe kwa sababu hunijui. Wanaonijua nimeshawaambia, na sasa hawajui wanitazame vipi.

Nna miaka arubaini na tatu, nna mke, nakaa Muscat. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Unguja. Mama yangu kazaliwa Tabora na kakulia Tabora, nyumba yao ilikuwa karibu na stesheni. Kila mmoja alikuja Oman kwa njia yake, wakaoana hapa. Nyumbani kwetu Kiarabu ni cha wageni, Kiswahili ni cha kugombana na cha kupikia. Basi nakueleza kwa Kiswahili, maana hata khiyana yenyewe niliifanya kati ya lugha hizo mbili, kama utakavyoona.

Nilikuwa msimamizi wa matengenezo kwenye reli ya zamani. Utauliza, Muscat reli ya zamani imetoka wapi? Si ya serikali. Ni ya tajiri mmoja mpenda vitu vya kale, mwenye bonde lake upande wa njia ya kwendea Qantab. Alilaza humo reli nyembamba, akaleta kichwa cha treni cha mvuke na mabehewa manne kutoka nchi za watu. Siku za mapumziko watu huja na familia zao, wanazungushwa bondeni, wanapiga picha, wanakunywa chai ya karak, wanarudi makwao.

Na kwa kuwa alitaka kila kitu kiwe kama zamani, hakutaka umeme kwenye ishara wala kwenye pointi. Kazi yote ni ya mkono. Ndani ya kibanda cha ishara zimesimama nyenzo saba za chuma, safu moja. Ukivuta moja, waya unakwenda kando ya reli mpaka kwenye mlingoti, bango la ishara linashuka, dereva anajua njia ni yake. Ukivuta nyingine, fito za chuma zinasukuma zile ndimi mbili pale reli inapogawanyika, treni inaingia kulia au kushoto. Pale inapogawanyika ndipo tunapopaita pointi.

Kila pointi ina komeo. Hili tafadhali ulielewe. Ulimi ukishabana sawasawa na reli kubwa, komeo linaingia kwenye tundu lake, na baada ya hapo ulimi hauwezi kucheza chini ya magurudumu. Usipobana, hata kwa nafasi ndogo tu, komeo linagoma. Likigoma, ishara nayo haishuki, na treni haiendi. Kugoma kwake ndiyo kazi yake.

Fundi wetu alikuwa Mzee Mrisho, mtu wa Tabora, aliyeifanya kazi hiyo ya ishara na pointi maisha yake yote mpaka alipostaafu. Mie ndiye niliyemtafuta. Mafundi wa umeme wapo tele mjini, lakini wa nyenzo na waya nani tena anawajua? Niliwauliza jamaa za mama, nao wakaniulizia huko, akapatikana. Akaja kwa mkataba, akapanga chumba Hamriya juu ya duka la mshona kanzu.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alitembea reli yote kwa miguu, kopo la mafuta mkono mmoja, mkono mwingine kitambaa na kibati chembamba cha chuma alichokichonga mwenyewe. Akifika kwenye pointi anakichomeka kibati baina ya ulimi na reli, kisha anapiga kelele wenzo uvutwe. Komeo likigoma, anaridhika, anakitoa kibati, anaendelea. Likikubali kuingia na kibati kimo, hapo kazi imesimama mpaka alitengeneze.

Ijumaa ya kwanza nilimleta nyumbani kula. Mama alimuuliza ametoka mtaa gani, akamtajia, mama akamtajia wa kwao, na mie kwa saa mbili nikawa sina kazi ila kuwapelekea chai. Walikuwa wakijua duka moja, msikiti mmoja, na mwalimu mmoja mkali aliyewapiga wote wawili kwa miaka tofauti. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia mama akicheka vile.

Ikawa ndiyo ada. Kila Ijumaa Mzee Mrisho yuko kwetu. Mama anatafuta kisamvu cha pakiti, kile cha barafu, anakipika kwa karanga. Alimwita Mrisho kavu kavu, kama mdogo wake, na yeye alimwita dada. Mie aliniita mwanangu. Kazini tu ndipo aliponiita mkuu, na hata hapo alikuwa akitabasamu.

Sasa msimu wa baridi ulikuwa unakaribia, na tajiri alitaka kuufungua kwa wageni wake Alkhamisi moja. Alipita wiki mbili kabla, akaniuliza kama duara la juu, lile linalopanda kuzunguka mwamba, litakuwa tayari. Nilimjibu mbele ya watu kwamba liko tayari. Nililisema kwa kifua. Nilipenda alivyonishika bega.

Halikuwa tayari. Pointi ya nne, ile ya kuingilia duara, ilikuwa na ugonjwa. Asubuhi inafunga vizuri, lakini jua likishakuwa kali, baada ya adhuhuri, komeo linagoma. Jumanne Mzee Mrisho akaifungua, akapima, akakaza nati ya fito, akarudia tena, kisha akanijia ofisini.

Alinieleza kwamba fito zinarefuka kwa joto, na ile pini inayotakiwa kufidia urefu huo imelika. Dawa yake ni kuitoa, kupanua tundu, kuchonga pini mpya. Siku tatu. Akaniambia Alkhamisi treni inaweza kwenda vizuri tu bila duara, ifungwe ile pointi kwa njia ya chini, wageni waende na kurudi. Nani atajua?

Tajiri atajua, nilijisemea moyoni. Mzee nikamwambia tutaona.

Jumatano mchana nilimtuma Ruwi kwa mtu wa mashine kuulizia pini. Alipokwisha ondoka, nikalichomoa komeo la pointi ya nne, nikalileta karakana, nikalibana kwenye jiliwa. Nikachukua tupa.

Nililichonga pua, ile ncha yake, ikawa mshazari, kisha nikalipunguza ubavu huu na ubavu huu. Nusu saa haikufika. Nikalirudisha, nikavuta wenzo, na jua lote lile, likaingia bila hata kukwaruza. Ishara ikashuka kule juu. Nikafurahi, ndugu yangu! Mungu anisamehe, nilifurahi.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaninyima usingizi. Nilikwenda kwenye sanduku la Mzee Mrisho, nikachukua kibati kingine cha akiba, nikakichomeka baina ya ulimi na reli, nikavuta tena wenzo. Komeo likaingia vilevile. Kwa hiyo usije ukasema masikini hakujua. Nilijua kwa macho yangu kwamba komeo lile sasa linakubali hata ulimi ukiwa wazi. Nikajiambia ni siku moja tu. Nikajiambia treni inakwenda pole pole. Jumamosi mzee atatia pini yake na mie nitatia komeo la akiba, na dunia itaendelea.

Katika kitabu cha kazi nikaandika kwamba pointi ya nne imerekebishwa, imejaribiwa, iko sawa. Pale pa jina la fundi nikaandika Mrisho. Chini nikatia saini yangu ya msimamizi. Ilikuwa desturi yetu, mara nyingi nilimwandikia.

Aliporudi alasiri akaikuta inafanya kazi. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamjibu nimelisafisha, nimelitia grisi.

"Grisi tu?" akauliza.

"Grisi tu, mzee wangu. Na nimeshalijaribu."

Akanitazama kidogo, akasema, "Kama umejaribu wewe, basi."

Alkhamisi asubuhi, kabla hajaanza matembezi yake, nilimpeleka mwisho wa reli kurekebisha waya wa ishara uliolegea. Ulikuwa umelegea kweli, lakini ungeweza kungoja. Nilimpeleka ili asiikaribie pointi ya nne na kibati chake.

Wageni wakaja. Na pamoja nao, kwa mwaliko wangu mwenyewe, akaja mama yangu.

Alikuwa ameniomba tangu tulipoanza kuitengeneza reli ile. Sabini na nne, magoti mabovu, lakini treni ataipanda. Alivaa nguo yake ya Idi. Nilimpandisha mwenyewe behewa la pili, nikamkalisha dirishani, akaniambia nisisimame hapo kumlinda kama mtoto, niende kazini kwangu.

Treni ikaenda mzunguko wa kwanza vizuri. Na wa pili vizuri. Mzunguko wa tatu ulikuwa baada ya adhuhuri.

Nilikuwa nje ya kibanda. Niliona bango la ishara likishuka, kama kawaida. Kichwa cha treni kikapita juu ya pointi. Behewa la kwanza likapita. La pili, magurudumu ya mbele yakafuata njia ya juu, ya nyuma yakafuata njia ya chini. Behewa likajikunja, likalalia mwamba. Hakukuwa na kishindo kikubwa kama unavyodhani. Ilikuwa sauti ya mbao zinazopasuka, halafu watu wakaanza kuita majina ya watu wao.

Nilikimbia. Watu walikuwa wakitoka, huyu na mchubuko, yule kashika kichwa, wengi wazima. Mama alikuwa ameangukia upande wa mlango. Dereva na mgeni mmoja walimtoa, wakamlaza juu ya kokoto kando ya reli, chini ya kivuli cha behewa. Aliniona. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mguu hausikii.

Nilipiga goti, nikamwambia ambulansi imeshaitwa. Kisha nikainuka nikamwacha.

Nikamwacha! Mama yangu kalala kwenye kokoto na nyonga imevunjika, na mie miguu yangu ikanipeleka kwenye pointi ya nne. Kila mtu alikuwa anashughulika na majeruhi. Nikachomoa komeo, nikalitia ndani ya fulana, nikalipeleka kwenye gari langu chini ya kiti. Nikachukua lile la akiba stoo nikalitia mahali pake. Niliporudi, Mzee Mrisho alikuwa amefika mbio kutoka mwisho wa reli, amekaa chini, kichwa cha mama yangu kakilaza juu ya paja lake, anamkinga jua kwa kofia yake.

Siku ya tatu meneja akatuita ofisini, mie na Mzee Mrisho. Meneja ni Mwarabu wa hapa hapa, hajui Kiswahili. Mzee hakujua Kiarabu zaidi ya cha sala, na Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya vyuma. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mie.

Kitabu cha kazi kilikuwa wazi mezani. Wachunguzi walikuwa wameliangalia komeo, lile la akiba nililolitia, wakaliona zima. Meneja akataka kujua nani aliyeigusa pointi ile kwa mara ya mwisho, na nini alichofanya. Nikamfasiria mzee swali.

Aliinamisha kichwa. Nilimngoja aseme kwamba ni mie niliyetia grisi. Hakusema hilo. Alisema hivi, na nnakumbuka kila neno: "Mwambie Jumanne niliifungua nati ya fito. Nadhani niliikaza. Nimefikiri siku tatu hizi, nadhani niliikaza. Lakini macho yangu siku hizi si yale. Mwambie sina uhakika."

Meneja akanitazama mie. Na mie nikamwambia kwa Kiarabu: "Anasema hakuikaza."

Basi. Maneno mawili. Nilikuwa na mlango wazi mbele yangu wa kusema kweli, nao haukutaka hata nijitaje, ulitaka nifasiri tu kama nilivyosikia. Nikaufunga. Mzee alikuwa ananiangalia mdomo wangu kwa utulivu, anatikisa kichwa kuthibitisha, maana alikuwa na yakini kwamba nnamfikishia maneno yake.

Ripoti ikaandikwa. Akatia saini mahali alipoonyeshwa. Mkataba ukavunjwa.

Kabla hajaondoka aliniomba nimpeleke hospitali kwa mama. Alivaa kanzu yake nyeupe na kofia, akasimama mwisho wa kitanda, hakukubali kiti. Mama alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, yuko macho, nnamnywesha maji.

"Dada," akasema, "mkono huu ndio uliokuvunja. Nimekuja kukuomba radhi kabla sijapanda ndege."

Mama akamwambia ajali haina kinga, na kwamba amemsamehe, Mungu shahidi. Hakutosheka. Akaomba tena, mama akamsamehe tena. Akaomba mara ya tatu, na hapo akalia, mzee mzima, mbele ya manesi. Mama naye akalia. Akamwambia, "Nimekusamehe, Mrisho, dunia na akhera. Usinitie uchungu zaidi."

Na mie nimeshika gilasi. Ndugu yangu, nilisimama pale nimeshika gilasi ya maji na mrija ndani yake, na sikusema neno.

Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Njiani alinishukuru. Alisema nimemstahi, kwamba msimamizi mwengine angemtukana. Kilichonimaliza zaidi ni kwamba alikuwa anaiangalia mikono yake. Anaifungua, anaifumba, kama mtu anayejaribu glavu za mwenzake.

Baada ya hapo maisha yakaendelea, na hilo ndilo la kutisha. Yanaendelea! Fundi mwengine akaletwa. Pini ikatiwa. Duara likafunguliwa. Tajiri alinisifu kwa kuifunga njia haraka siku ile na kuwapa wachunguzi kila walichotaka. Mama akarudi nyumbani na kigari chake cha kutembelea, hatua tatu, anapumzika, hatua tatu. Mie nnamshika kiwiko.

Komeo nililihamisha kutoka garini nikalificha kwenye kabati la bafu, nyuma ya pampu mbovu. Mke wangu aliniuliza kwa nini nimekuwa mkali kwa kila mtu. Nikamwambia ni kazi.

Miezi saba ikapita. Ijumaa moja, baada ya kula, mama aliniita chumbani kwake akaniambia nikae nisikilize. Mzee Mrisho alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Alimsalimia, akamuuliza hali ya mguu, kama alivyofanya kila wiki. Kisha akaeleza kwamba wenzake wa zamani wamemtaka aende karakana kufundisha vijana kazi ya ishara za mkono, kabla wanaoijua hawajaisha. Amekataa. Akasema, "Dada, mtu aliyesahau nati moja hawezi kufundisha watu kukaza nati."

Mama alizima simu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia nimpigie, mie ndiye niliyekuwa mkubwa wake, mie atanisikiliza. Nimwambie akubali kazi ile. Nimwambie kila mtu hukosea.

Nikasema nitampigia kesho. Akasema sasa. Akabonyeza mwenyewe, akaiweka simu kitandani baina yetu, sauti imefunguliwa. Ikalia mara mbili.

Sikuwa nimepanga kukiri. Sitaki ujidanganye kwamba nilipata ujasiri. Nilifungua mdomo nimwambie kila mtu hukosea, yakatoka mengine.

Nikasema, "Mzee wangu, ile nati uliikaza."

"Umejuaje?"

"Komeo nililipiga tupa mie. Siku uliyokwenda Ruwi."

Nikasikia mtu anafagia uani kwao. Mama hakunigeukia, aliitazama simu.

Kisha Mzee Mrisho akaniuliza, kwa sauti ya kazi kabisa, "Ulichonga wapi?"

Nikamwambia puani na mbavuni. Akaniuliza kiasi gani. Nikamwambia unene wa kibati chake na zaidi.

"Kwa hiyo lilikuwa linaingia na ulimi uko wazi."

"Ndiyo."

"Na ulilijaribu, ukaona."

"Niliona."

"Mimi miezi saba naikaza nati ile," akasema. "Nikiswali naikaza. Nikila naikaza. Mke wangu nimemwambia nimemvunja mtu mguu." Halafu akauliza, "Dada anasikia?"

"Nasikia, Mrisho," mama akasema.

"Basi mimi sina la kusema mbele yako. Huyo ni mwanao." Akakata.

Mama aliichukua simu akaiweka pembeni. Nilitaka anipige. Nilitaka alie. Alipozungumza, alizungumza kama anayehesabu kitu.

"Nimemsamehe mtu asiyenikosea," akasema. "Mara tatu. Na wewe ulikuwepo, umenishikia maji." Kisha akaniambia nitoke, anataka kuswali.

Siku ya kazi iliyofuata nikalichukua lile komeo, nikaliweka mezani kwa meneja, nikamweleza yote kwa Kiarabu, na safari hii sikupunguza neno. Alilishika, akapitisha kidole pale palipochongwa, akaniuliza kwa nini. Nikampa jawabu la aibu, kwamba nilishamwambia tajiri duara liko tayari. Nilifukuzwa siku ile ile, na sikubishana. Nilichoomba ni barua ya kumsafisha Mzee Mrisho, yenye saini na muhuri, nao wakaitoa. Niliifasiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, nikampa mtu mwengine anayejua lugha zote mbili aikague, maana mie nani tena ataniamini kufasiri? Nikaituma Tabora.

Ilipofika, mzee alinijibu neno moja: Imefika. Tangu hapo hajanijibu tena. Mama, ambaye huzungumza naye, aliniambia kwamba kule karakana walikuwa wameshamchukua mtu mwengine. Alipokwenda na barua yake walimpokea vizuri, wakamwambia atangoja mpaka mwakani, Mungu akipenda. Yeye akawaambia hana haraka. Lakini mama anasema sasa anakwenda stesheni alasiri kuwatazama wakifanya kazi, jambo ambalo miezi yote ile hakuweza kulifanya. Hilo ndilo tonge pekee ninalolimeza bila kukwama.

Mie sasa nauza vipuri vya viyoyozi Hamriya. Watu wa fani yangu wananijua, na mtu akija dukani ananitazama mikono kwanza. Mke wangu amebaki, ila ananiuliza mambo mara mbili, hata nikimwambia gesi nimeifunga.

Mama hajanitupa. Nnampeleka kwenye mazoezi ya mguu kila Jumapili, anashukuru, ananiombea dua. Lakini anakaa kiti cha nyuma. Zamani alikaa mbele na mie, akinisimulia njia nzima. Sasa nnamfungulia mlango wa mbele, yeye anaufungua wa nyuma mwenyewe, anaweka kigari chake pembeni, tunakwenda kimya kama dereva wa teksi na abiria wake. Msamaha nilimwomba. Aliniambia atanisamehe, lakini kwanza anangoja moyo wake umalize kumwomba radhi Mrisho.

Basi wewe unayesoma, sikwambii usikosee, maana utakosea. Kama unashika chuma au dawa au kalamu, iko siku mkono wako utafanya jambo la kipumbavu, na pengine kwa sababu ndogo tu kama ile yangu ya kutaka kushikwa bega na tajiri. Kosa la tupa lilimvunja mama yangu nyonga, na nyonga madaktari waliiunga. Kile nilichomfanyia mzee kwa maneno mawili ya Kiarabu hakina daktari.

Kwa hiyo ukiharibu, sema. Sema leo, hata sauti ikitetemeka, hata kazi ikienda. Sema kabla mwenzio asiye na hatia hajaanza kuamini kwamba ni yeye.